Wiki za kusubiri matokeo ya kidato cha sita: mwongozo kamili wa kupanga chuo cha kwanza na cha akiba ukiwa Mwanza

Nina steshenari ndogo Mkolani, mwendo mfupi kutoka stendi ya Nyegezi. Kompyuta tatu, mashine ya kutolea kopi, printa moja ya kuaminika na benchi la mbao nje. Kuanzia Julai hadi Septemba benchi hilo halikosi watu: mama kakumbatia bahasha ya kaki, kijana anatetemeka vidole kwenye kibodi, baba katoka Magu alfajiri na hajanywa hata chai. Wote wamefuata jambo moja, chuo.

Nimejaza maombi na watu hawa kwa miaka mingi, na wadogo zangu watatu wamepitia mikononi mwangu. Wengi niliowaona wakikosa nafasi walikuwa na alama za kutosha. Kilichowaangusha ni kuanza kufikiri siku matokeo yalipotoka, kichwa kikiwa cha moto, majirani wakiuliza "kapata ngapi?", na siku za maombi zikiyoyoma. Mtu akiwa katika hali hiyo hachagui chuo, anadaka kilicho karibu.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye wiki za kusubiri. Kazi kubwa inafanyika humo. Mzazi na mtoto wausome pamoja.

Kwanza, ijue kalenda

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei. NECTA, baraza la mitihani, hutangaza matokeo Julai: mwaka 2024 ilikuwa tarehe 13, mwaka 2025 tarehe 7. Baada ya hapo TCU, tume ya vyuo vikuu, hufungua dirisha la awamu ya kwanza ya udahili, nalo hukaa wazi wiki chache tu. Hufuata awamu ya pili, na miaka mingine ya tatu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, ina dirisha lake, na miaka ya karibuni limekuwa likifunguliwa Juni, kabla hata matokeo hayajatoka. Vyuo huanza kupokea wanafunzi wapya kuanzia Oktoba.

Zingatia hilo la Juni. Mkopo unaombwa ukiwa bado hujui umepata nini.

Pili, zijue hesabu mbili za pointi

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo twende taratibu.

Hesabu ya kwanza ni ya NECTA, ya kupanga daraja. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Unajumlisha masomo matatu ya tahasusi. Ukipata 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne, na 20 au 21 ni sifuri. Pointi chache ndizo nzuri.

Hesabu ya pili ni ya TCU, ya kuingilia chuo kikuu, nayo inakwenda kinyume. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Pointi nyingi ndizo nzuri. Sharti la chini kabisa la shahada ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili yenye E au zaidi, katika masomo yanayohusiana na kozi unayoomba, na jumla ya masomo hayo mawili isipungue pointi 4.0. S haihesabiwi kuwa prinsipo.

Sasa chukua kalamu. Kijana wa kwanza ana D, E, E. Kwa NECTA ni 4 na 5 na 5, jumla 14, daraja la tatu. Kijana wa pili ana C, E, F. Ni 3 na 5 na 7, jumla 15, naye daraja la tatu, tena nyuma ya mwenzake kwa pointi moja. Nenda TCU. Wa kwanza, masomo yake mawili bora ni D na E: 2 na 1, jumla 3. Hana sifa ya shahada. Wa pili ana C na E: 3 na 1, jumla 4.0. Anaingia, ikiwa masomo hayo mawili ndiyo yanayotakiwa na kozi.

Mwaka mmoja nilikuwa na vijana wawili wa aina hii kwenye benchi langu, wamesoma darasa moja. Yule wa D, E, E alikuwa anamfariji mwenzake. Nilipowakokotolea kwenye kipande cha karatasi, wote wawili walikaa kimya muda mrefu. Baba wa yule wa kwanza alikuwa ameshaanza kuulizia vyumba Dodoma, kwa kuwa alichosikia ni "daraja la tatu, amefaulu". Ni kweli amefaulu. Ila kufaulu ni jambo moja na kuwa na sifa ya kozi ni jambo jingine, na familia ikilijua hili mapema inaokoa machozi na nauli.

Sharti la "masomo yanayohusiana" nalo lina uzito wake. Binti wa PCB akipata Fizikia S, Kemia D, Biolojia C, ana pointi 5.0 kutokana na Kemia na Biolojia. Anaruhusiwa kuomba shahada. Udaktari wa binadamu, hata hivyo, unataka prinsipo kwenye masomo yote matatu, kwa hiyo ile S imefunga mlango huo. Bado kuna ualimu wa Kemia na Biolojia, kilimo, sayansi za uvuvi. Asipojua hivyo ataomba udaktari vyuo vitano na kukataliwa vitano.

Pakua kitabu cha mwongozo wa udahili kwenye tovuti ya TCU, kile cha wahitimu wa kidato cha sita. Ni kirefu, usikichape chote, utatupa hela. Kila programu ina mstari wake: namba ya utambulisho ya programu, masomo yanayotakiwa, pointi za chini ambazo chuo chenyewe kimeweka, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Pointi za chuo mara nyingi ziko juu ya 4.0. Na idadi ya nafasi iangalie vizuri: programu yenye nafasi 30 na yenye nafasi 300 hazina ushindani sawa hata kama pointi za chini zimefanana.

Tatu, karatasi ya safu tatu

Hii ndiyo kazi yenyewe ya wiki za kusubiri. Chukua karatasi ya daftari, uigawe safu tatu. Juu ya safu ya kwanza andika matokeo unayoyatarajia mambo yakienda vizuri. Ya pili, yakiwa ya katikati. Ya tatu, yakiwa mabaya. Usibuni alama hewani: chukua matokeo yako ya moko, ule mtihani wa majaribio, kumbuka ulivyotoka kwenye chumba cha mtihani kila somo, kisha kuwa mkweli.

Chini ya kila safu jaza kozi mbili au tatu, na kwa kila kozi jibu mambo manne. Sifa zake ni zipi mstari kwa mstari? Iko kampasi gani? Nani atalipa ada ikiwa mkopo utakuja nusu au usije? Nitalala wapi?

Anza na kozi, chuo kifuate. Wengi wanaanza na jina la chuo kwa sababu ndilo linalosikika vizuri mtaani, halafu wanajaza kozi yoyote ili mradi waingie. Miaka mitatu au minne ni mingi kukaa na kitu usichokitaka.

Ukiwa Mwanza una vya kuchagua bila kuvuka mkoa. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT, kiko Malimbe, kimekuwa chuo kikuu tangu 1998, na kinajulikana kwa mawasiliano ya umma, sheria, elimu na biashara. Juu ya kilima cha Bugando kuna CUHAS, chuo cha afya kilichoanza 2003 pembeni mwa hospitali. Nadhani kila mtoto aliyesoma PCB jijini amewahi kuinua macho kuelekea kilima kile akajiona ndani ya koti jeupe. IFM, CBE na TIA zina kampasi hapa kwa watu wa uhasibu, biashara na fedha. Chuo Kikuu Huria kina kituo chake. Chuo cha Mipango kina kituo cha Kanda ya Ziwa. DIT ina kampasi ya teknolojia ya ngozi.

Tahadhari kuhusu kampasi: programu inaweza kuwepo Dar es Salaam au Dodoma na isiwepo Mwanza. Mwongozo huonyesha kampasi. Soma hadi mwisho wa mstari kabla hujaanza kuota kwamba utakuwa unatoka nyumbani Igoma na kurudi jioni kula ugali wa mama.

Gharama ya kulala na kula huizidi ada katika familia nyingi ninazoziona. Ada inaweza kulipwa kwa awamu, au mkopo ukaibeba. Kodi ya geto, yaani chumba cha kupanga, Malimbe haisubiri bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo. Ndiyo maana chuo cha binafsi cha hapa hapa, ukikaa kwenu, wakati mwingine kinatoka bei nafuu kuliko chuo cha serikali kilicho mbali. Piga hesabu zote mbili kwa mwaka mzima, nauli za likizo zikiwemo, ndipo useme kipi ni ghali.

Sasa chuo cha akiba. Kipimo changu ni swali moja ambalo humuuliza kila anayekaa mbele ya kompyuta: "Ikitokea hiki tu ndicho kilichopatikana, Oktoba utapanda gari uende?" Akisita, nafuta. Kozi ambayo hutaikubali ikija siyo akiba. Umejaza nafasi tu, na umeinyima nafasi hiyo kozi nyingine ambayo ungeikubali.

Na akiba iwe na ushindani tofauti na chaguo la kwanza. Binti mmoja wa hapa Buhongwa alijaza udaktari peke yake kwenye kila chuo. Alikuwa na alama nzuri, ila waliokuwa nazo nzuri zaidi walikuwa wengi, na ushindani ni ule ule kila alikogeuka. Angeweka uuguzi, famasi au sayansi ya maabara kwenye baadhi ya nafasi, zote ni shahada za afya na zote zinafundishwa pale pale Bugando. Alikuja awamu ya pili macho mekundu, tukaanza upya.

Mzazi, hapa nakuomba. Karatasi hii ijazwe mkiwa mezani wote, na safu ya tatu ijazwe kwa sauti ile ile ya safu ya kwanza. Mtoto akisikia nyumbani wanataja stashahada bila kukunja uso, siku matokeo yakija chini atarudi nyumbani. Asiposikia hivyo, atazima simu.

Nne, nyaraka: anza na majina

Toa vyeti vyote kwenye bahasha, vipange mezani, usome majina herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Usukumani kwetu majina yanapigwa mhuri kwa masikio ya aliyekuwa anaandika siku hiyo: cheti kimoja Masanja, kingine Massanja, kingine kimeacha jina la babu kabisa. Mfumo haujui kwamba ni mtu mmoja. Tofauti kama hizo husahihishwa, iwe kwa kurekebisha cheti au kwa hati ya kiapo cha majina mbele ya wakili, ila huchukua muda, na muda uko Juni. Agosti hauko.

Kwa ajili ya mkopo, cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kazi hiyo hufanyika mtandaoni kwa malipo. Aliyefiwa na mzazi ahakiki pia cheti cha kifo. Asiye na cheti cha kifo kabisa aende wilayani mapema, maana huko wataanza kumuuliza kibali cha mazishi na barua ya mtaa, na shangazi aliyehifadhi karatasi hizo yuko Kahama.

Mengine ni mepesi: picha za pasipoti, barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho cha mdhamini, namba ya kaya ya TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, kama mnanufaika nao, uthibitisho wa daktari kwa mwenye ulemavu. Piga kila karatasi skani iliyonyooka, siyo picha ya simu yenye kivuli cha kichwa. Hifadhi kwenye barua pepe yako na kwenye flashi.

Fungua barua pepe yako mwenyewe. Nasema hivi nikiwa mwenye steshenari: usikubali steshenari yoyote ijaze barua pepe yake au namba yake ya simu kwenye maombi yako, hata kama ni kwa nia njema ya kukuwahisha. Nywila iandike mwenyewe. Mimi humgeuzia mteja kibodi, nikatazama dirishani.

Tano, pesa za maombi

Kila chuo kina ada yake ya maombi, na ya HESLB ni shilingi 30,000. Ongeza uhakiki wa RITA, mhuri wa wakili, kuchapa fomu, nauli. Zote zinalipwa kwa kontroli namba kupitia simu au benki. Tunza ujumbe wa malipo, usiufute kwa sababu simu imejaa.

Kwa wanaoishi kwa ziwa nina neno. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, Igombe na visiwani Ukerewe mitumbwi inakaa, na mfukoni kunakauka. Nimeshuhudia dirisha likifungwa kwenye siku hizo hizo za mwezi mkali, mzazi akisema "subiri giza liingie nitatuma". Weka pesa ya maombi pembeni tangu Juni, hata kidogo kidogo, kwenye laini isiyotumika kununulia vocha.

Sita, mkopo

Omba mkopo hata kama unafikiri hutapata, na hata kama bado hujajua chuo. Unajisajili kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, unajaza, unachapa fomu, unapitisha sahihi kwa serikali ya mtaa, mdhamini na wakili, kisha unapandisha kurasa zilizosainiwa. Hatua ya mwisho ndiyo wanayoisahau. Kuna mtu alisaini kila kitu, akaweka fomu kwenye bahasha, akaificha chini ya godoro akiamini amemaliza.

HESLB ina ofisi ya kanda hapa Mwanza, na kwa jambo gumu ni bora kwenda kuuliza ana kwa ana. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Sengerema hakai tena foleni ya kivuko kuja mjini. Anaweza kwenda na kurudi mchana mmoja. Wa Ukerewe bado ana meli ya kungoja, kwa hiyo akusanye maswali yake yote na karatasi zote aje mara moja.

Mkopo ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara hukatwa kila mwezi hadi liishe. Hilo lisikutishe kuomba, ila lijue kabla ya kusaini, na mdhamini wako pia alijue.

Aliyefanya vizuri sana kwenye masomo ya sayansi afuatilie pia Samia Skolashipu, ambayo ilianza mwaka wa masomo 2022/23. Huo ni ufadhili, haulipwi.

Saba, kama umepangiwa JKT

Wengi wenu mtakuwa kambini, kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, matokeo yakitoka. Mtoto wa Nyamanoro anaweza kuwa Rwamkoma mkoani Mara, au mbali zaidi, na kambini simu si ya kushika muda wote. Kabla hujaondoka, chagua mtu mmoja nyumbani wa kukuwakilisha. Mmoja. Mpe daftari lenye namba yako ya mtihani, barua pepe, nywila, ile karatasi ya safu tatu na nakala za vyeti. Mwelekeze mkiwa pamoja mbele ya kompyuta, siyo kwa maneno ukiwa mlangoni na begi mgongoni. Na mkubaliane: matokeo yakiwa ya safu ya pili, ajaze kozi za safu ya pili bila kusubiri simu yako.

Nane, siku yenyewe

Tovuti ya NECTA huelemewa saa za kwanza. Usikate tamaa, jaribu tena usiku, au tumia *152*00# kwenye kipengele cha elimu. Tafuta shule yako, kisha namba yako. Andika alama za kila somo kwenye karatasi, siyo daraja peke yake, halafu fanya hesabu ya pili, ya TCU, kabla hujampigia mtu. Ukiona ABS (hakufanya mtihani) au INC (matokeo hayajakamilika) mahali palipostahili alama wakati mtihani ulifanya, nenda kwa mkuu wa shule siku inayofuata, maana hilo hushughulikiwa kupitia shule.

Kwa saa ishirini na nne za kwanza usiombe chuo chochote. Lala. Karatasi ipo.

Tisa, kuomba

Maombi yanakwenda moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo. Chagua vyuo vitatu au vinne: kimoja cha ndoto, kimoja au viwili ambavyo pointi zako zimezidi kiwango chao waziwazi, na kimoja cha akiba kilicho karibu na nyumbani. Ndani ya kila chuo unapanga kozi kwa vipaumbele. Ya kwanza iwe ile unayoitaka kweli. Hakiki namba ya mtihani na mwaka mara mbili kabla ya kutuma. Chapa ukurasa wa mwisho.

Atakayekupigia akisema ana koneksheni ya kukuingiza chuoni kwa kitu kidogo, kata simu. Kama sifa unazo, huna haja naye. Kama huna, naye hana pa kukuingiza.

Kumi, pointi zisipofika 4.0

Vuta kiti. Njia zipo nne, na nimeona watu wakifika kwa kila moja.

Ya kwanza ni stashahada, na kwa vijana wengi naiona ndiyo bora, kwa sababu unatoka na ujuzi mkononi. Kwa kawaida mwenye prinsipo moja na sabsidiari moja, yaani S, anaanza stashahada moja kwa moja. Programu hizi ziko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, nao wana kitabu chao cha mwongozo, na vyuo vingine hupokea wanafunzi Machi pia, kwa hiyo kukosa Oktoba siyo kukosa mwaka mzima. Karibu na hapa una FETA Nyegezi kwa uvuvi, chuo cha kilimo Ukiriguru, chuo cha maendeleo ya jamii Misungwi, Butimba kwa ualimu, Pasiansi kwa uhifadhi wa wanyamapori, na zile kampasi za CBE, TIA na IFM. Baadaye, ukiwa na GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 3.0 au zaidi na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, unaomba shahada. Ukifika hapo utahitaji namba ya uhakiki ya NACTVET, inayoitwa AVN, iombe mapema.

Ya pili ni programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ile inayoitwa Faundesheni. Inamfaa mwenye angalau pointi 1.5 za masomo mawili ambaye hakufika 4.0. Akimaliza kwa GPA ya 3.0 na kufikia alama zinazotakiwa kwenye masomo ya fani yake, anaomba shahada. Yule kijana wa D, E, E alikuwa nayo hii mkononi siku ile ile, hakuwahi kuisikia.

Ya tatu ni kurisiti, yaani kurudia mtihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Inafaa kama kilichokuangusha ni somo moja na unajua kwa nini. Kama masomo yote matatu yalikuwa mlima, miezi kumi peke yako nyumbani bila mwalimu haitaushusha. Jiulize kwa ukweli, kisha uwaulize waliokufundisha.

Ya nne ni kukata rufaa NECTA ili somo lisahihishwe upya, kwa ada na ndani ya muda uliopangwa. Fanya hivyo kama tofauti ni ya kushangaza kweli, na usisimamishe maombi mengine ukingoja jibu.

Mwisho, kuthibitisha

Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, utatumiwa namba maalumu ya siri kwenye simu. Unaingia kwenye mfumo wa chuo unachokitaka, unaiweka, umethibitisha. Kuna tarehe ya mwisho, na ni ya karibu.

Mdogo wangu wa pili alichaguliwa vyuo viwili awamu ya kwanza. Kwenye maombi tulijaza namba ya binamu yetu, kwa sababu ndiye aliyekuwa na simu nzuri. Wiki ya kuthibitisha binamu alikuwa kambi ya dagaa visiwani, na ile laini aliitoa akaweka nyingine yenye mtandao kule. Ujumbe uliingia mahali pasipo na mtu. Tulipojua, muda ulikuwa umepita. Mimi ndiye niliyejaza namba ile, kwa mikono yangu, dukani kwangu.

Awamu ya pili kozi aliyoitaka ilikuwa imejaa. Tukarudi kwenye karatasi ya safu tatu, tukashuka hadi uhasibu, ambao aliuandika mwenyewe mwezi Juni akasema huu naweza kwenda. Akaenda.

Zamu ya mdogo wa mwisho ilipofika tulijaza namba ya mama. Tulimwekea ujumbe wa majaribio, tukamfundisha kuusoma na kuutamka tarakimu moja moja. Wiki ile simu ilikaa juu ya kabati la vyombo, chaja imechomekwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuitoa nje ya nyumba. Ujumbe uliingia saa mbili asubuhi. Mama alinipigia kwa simu ya jirani ili ile nyingine asiiguse, akanisomea tarakimu zote, kisha akazirudia kuanzia mwanzo.